Kofia ya Mwalimu Gachanja na Hoja ya Bomu

Ninyi mliochukua chama cha mdahalo baada yangu mmeniuliza mara nyingi kofia iko wapi. Iko kwangu. Imetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na kwa sasa siirudishi, maana nawajua: mtaiweka kwenye kabati la vikombe, mlifunge kwa kufuli, na habari yake iishie hapo. Badala yake nawaandikia jinsi inavyotumika. Mengine ya kazi yangu, vyeo na uhamisho na mishahara, yako kwenye faili mahali fulani Nairobi, kama panya hawajayamaliza.

Niliripoti shuleni hapa karibu na Chaka katika ile baridi ya mwezi wa saba, nimevaa viatu vya mjini. Uwanja ulikuwa tope tupu. Kabla sijafika ofisini kiatu kimoja kilibaki nyuma, na wanafunzi wa kidato cha pili wakaniangalia nikirudi kukichomoa kwa mikono. Nilipoinua uso, mwanamume mrefu mwenye kofia ya pama ya kijivu alikuwa amesimama mlangoni, anacheka bila hata kujificha.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Watoto wamekwisha kukujua. Kazi ya wiki nzima umeimaliza mara moja."

Huyo ndiye Mwalimu Gachanja, mkuu wa somo la historia na mlezi wa mdahalo. Yale yote ambayo chuo kilisahau kunifundisha, yeye alinifundisha, mengi yakiwa ni kwa kunicheka.

Ijumaa ya kwanza alinipeleka kwenye mdahalo. Nilitarajia ile hoja ya maisha ya mjini na maisha ya kijijini, ambayo nchi hii imeijadili tangu nikiwa na meno ya utotoni na bado haijaamua. Gachanja hakutaka hata kuisikia. Alisema hoja ambayo mwalimu anajua jibu lake ni mtihani, na mitihani ina siku zake. Kisha akavua kofia, akaitikisa, ikalia njuga. Ndani mlikuwa na vifuniko vya soda, nusu yake vimetobolewa kwa msumari. Ukitoa kilichotobolewa unapinga hoja, ukitoa kizima unaiunga mkono. Hakuna kubadilisha, hata ulie.

Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyonishangaza. Kabla ya kumjibu mpinzani wako, unamgeukia na kumwambia alichosema yeye, kwa maneno yako, mpaka akubali kwa kusema "ndivyo." Akisema "siyo hivyo," unajaribu tena. Na wakati huo wote dakika zako zinaliwa.

"Mwalimu, hii si itachelewesha mambo?" nikamuuliza.

"Ndiyo kazi yake," akasema.

Bila shaka watoto ni watoto. Kijana mmoja, Macharia, aligundua kwamba akisema "siyo hivyo" kwa kila jambo, mwenzake anamaliza muda bila kujibu chochote. Alishinda hivyo mara kadhaa akajiona wakili. Gachanja hakumkaripia. Aliongeza kipande kidogo tu: ukisema siyo hivyo, lazima uonyeshe palipopinda. Macharia akajikuta anaeleza hoja yake vizuri kuliko alivyokuwa ameieleza mwanzoni, na hasira ikampanda kwa sababu alikuwa amelazimishwa kufikiri. Kipande hicho msikisahau. Bila hicho, sheria nzima ni mchezo wa wajanja.

Mambo mengine ni madogo lakini yanasaidia. Tumieni kengele ya baiskeli, si filimbi, kwa sababu mtoto akisikia filimbi anataka kukimbia. Msiwape wasemaji peremende kabla hawajasimama. Mwenye kuogopa mpeni kazi ya kutunza saa muhula mmoja, atachoka kuwasikiliza wengine na ataomba kusema mwenyewe. Na mkienda mashindano ya kaunti, jueni kwamba sheria ya pili ni yetu peke yetu. Waamuzi wa huko hawaijui na hawaitaki. Mmeona kabati la vikombe lina nafasi nyingi. Sasa mnajua sababu.

Gachanja alipostaafu alinivalisha ile kofia mbele ya shule yote, ikanifunika mpaka machoni. Wanafunzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nililia humo ndani ya kofia, na kwa bahati hakuna aliyeona.

Miaka ikapita, nikazoea. Kisha, nikiwa nimekaribia kustaafu mimi mwenyewe, ikaja kutoka kaunti hoja ya mashindano, ambayo ndiyo hasa inanifanya niandike haya. Ilisema: nchi iliyopigwa kwa bomu la nyuklia ina haki ya kujibu kwa bomu la nyuklia.

Niliisoma kwa sauti katika chumba cha walimu. Mwalimu wa kilimo akaweka kikombe chini. "Sasa sisi watu wa huku Kieni hiyo inatuhusu nini? Bomu likifika huku litakuwa limepotea njia." Tulicheka. Lakini redio wakati huo, kama siku hizi, ilikuwa imejaa wakubwa wa mbali waliokuwa vitani na wakitishana, na kila mmoja akisema akiguswa atajibu kwa silaha ambayo dunia haijasahau. Nilifurahi sana. Hiyo ilikuwa hoja ambayo jibu lake sikulijua kabisa.

Nilienda nayo nyumbani nikaunguza chapati. Jambo lililoniteka ni hili. Bomu la kujibu huwekwa ili lisitumike. Adui akiamini kweli utamjibu, hatakupiga, na wote mnaishi. Hapo naelewa. Lakini tuseme amekupiga hata hivyo. Basi tishio lako limekwisha kushindwa kazi, na wale uliotaka kuwalinda hawapo. Ukijibu sasa unamlinda nani? Unaua watoto wa kule ambao hawakubonyeza chochote, na upepo unabeba sumu hadi kwa majirani ambao hata vitani hawakuwemo. Kwa hiyo usijibu. Haya, lakini ukitangaza leo kwamba siku hiyo hutajibu, tishio lako limekufa leo hii hii, na pengine umemkaribisha. Niligeuza hilo jambo huku na huku kama chapati yenyewe, nayo ikaungua pande zote.

Nikaanza kuuliza watu. Mchungaji wetu alisema kisasi ni cha Mungu, kisha akasema lakini serikali si kanisa, akaniomba nimpe muda. Jumamosi moja nilikuwa Nanyuki kununua sufu ya kufumia, nikakuta mwanajeshi wa kigeni, mmoja wa wale wanaokuja kufanya mazoezi, anachagua ndizi. Sikujizuia. Nikamsalimu, nikamuuliza kama angeambiwa ajibu kwa bomu kama hilo angetii. Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza umri wa mama yake. Akasema yeye ni fundi wa malori na hakuna anayemwuliza kitu. Halafu, akiwa analipia ndizi zake, akasema anaomba tu hao wenye funguo za mabomu hayo wawe watu wasio na haraka. Niliwapelekea wanafunzi maneno hayo Jumatatu, wakayapenda kuliko kitabu chochote.

Siku ya kutoa vifuniko, Nyawira alitoa kizima. Ilimbidi aunge mkono hoja, na tukaandikisha timu yetu upande huo. Alikuwa kidato cha tatu, msemaji bora niliyepata kuwa naye, mwenye akili ya haraka na mdomo wa haraka zaidi, na akipandwa na hasira kila l yake inageuka r na yeye wala hajali. Wazazi wao walikuwa wamefariki. Alikuwa analelewa na kaka yake, Ndiritu, kijana aliyelima kabichi kwenye shamba lao na kumsomesha kwa hizo kabichi.

Mazoezi ya kwanza alitutia baridi. "Mtu akijua hutajibu," alisema, "hajakuogopa, amekupangia siku. Anayenyamaza leo anawauza watoto wake wa kesho." Wenzake walipiga makofi. Nami nilipiga, kusema kweli.

Kisha akapoa ghafla. Mazoezi yaliyofuata alisoma maneno yake kama mtu anayesoma bei za sokoni. Siku moja wakati wa chakula cha mchana akanifuata stoo ya vitabu.

"Mwalimu, nataka kifuniko ingine."

"Unajua sheria."

"Najua. Lakini hii itanimalizia kaka."

Nikamketisha juu ya katoni ya vitabu, akanieleza. Ndiritu alikuwa ameazima pampu ya mgongoni ya jirani yao, Baba Kiama, ili anyunyizie kabichi dawa ya wadudu. Alinyunyizia shamba zima. Kabichi zikaanza kuwa manjano, zikakauka zote. Ile pampu ilikuwa imetumika kwa dawa ya kuua magugu na haikuwa imeoshwa. Ndiritu akaenda kwenye ua unaotenganisha mashamba yao akipiga kelele, na Baba Kiama akamjibu kutoka upande wake kwamba pampu ni ya kuoshwa, kila mtu anajua. Baada ya hapo hawakusemezana tena.

"Kaka anasema alimpatia hiyo pampu makusudi," Nyawira akasema. "Ati alikuwa anaona wivu. Sasa amenunua dawa ya magugu, chupa kubwa. Iko chini ya kitanda. Anataka kunyunyizia kitunguu yote ya Baba Kiama."

"Na mdahalo unaingiaje hapo?"

Akaanza kulia. "Mimi hufanyia mazoezi jikoni nikipika. Yeye anakula akisikiliza. Juzi akaniambia, 'Rudia hapo, hiyo ndio nilikuwa natafuta.' Sasa anatembea akisema maneno yangu, Mwalimu. Yangu! Ati anayenyamaza anauza watoto wa kesho. Akifanya hiyo kitu watamfunga. Na mimi sina mtu mwingine."

Nimefundisha historia miaka yangu yote na sijawahi kuona maneno ya darasani yakitoka nje na kwenda kukaa mezani kwa mtu namna hiyo. Nilikuwa karibu kumwambia achukue kifuniko chochote anachotaka. Kisha nikafikiri: akibadilika kwa ghafla, Ndiritu atajua dada yake ameogopa, na atamwambia akae kando na mambo ya wanaume.

"Upande wako unabaki," nikamwambia. "Lakini upande ule mwingine lazima ausikie, na usitoke kwako."

"Atausikia kwa nani?"

"Kwa hao wa shule ya Kangema, wageni wa kaunti jirani, tunaokutana nao kwenye mashindano. Niachie mimi."

Jumamosi nilienda kwao. Ndiritu nilimkuta katikati ya kabichi zake zilizokufa, anazing'oa. Ni mtu mpole, mwenye mabega mapana na aibu nyingi. Aliinua kabichi moja akanionyesha. Ilikuwa nyepesi kama karatasi.

"Mwalimu, mimi si mtu wa vita," akasema.

"Naona."

"Lakini nikinyamaza, mwaka ujao ataniletea nini?"

"Hata mimi sijui," nikamwambia. "Swali lako ndilo watoto wanalojadili Ijumaa huko Nyeri. Shule inahitaji mzazi mmoja wa kuwasindikiza. Njoo usikie, pengine watatusaidia sisi wawili." Alijua vizuri kwamba nimekuja na lingine. Hata hivyo Ijumaa alikuja, amevaa koti la marehemu baba yake.

Ukumbi ulijaa. Timu ya Kangema ilikuwa na kijana mmoja mwembamba aitwaye Irungu, mwenye sauti ya chini hata ikabidi watu waache kunong'ona ili wamsikie. Nyawira alifungua upande wetu na alisema kama siku ya kwanza, moto mtupu. Alijua lazima aseme hivyo. Nilimwangalia Ndiritu kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila sentensi, na midomo yake ilikuwa inasema pamoja naye.

Irungu akasimama. Hakusema habari za amani wala huruma, jambo ambalo wapinzani wote husema. Alisema mtu anayetakiwa kujibu bomu huwa na muda mfupi mno. Mbele yake kuna kioo cha kompyuta kinachosema amepigwa. Kioo kinaweza kukosea. Hata kisipokosea, bomu linaweza kuwa limetoka kwa bahati mbaya, kwa waya mbovu, kwa mtu mmoja aliyelewa. "Mnasema mtajibu," akamaliza. "Mmejuaje mlichojibu?"

Ilikuwa zamu ya Nyawira kujibu. Angeweza kuanza moja kwa moja, waamuzi hao hawakujua sheria zetu. Lakini alimgeukia Irungu.

"Unasema vita ni mbaya," akasema.

Irungu alishangaa. "Siyo hivyo."

Ukumbi ukacheka. Mwamuzi mmoja alivua miwani. Nyawira hakuyumba. "Imepinda wapi?"

"Sikusema vita ni vibaya. Nimesema hujui."

"Unasema tusijibu, kwa sababu labda tumekosea."

"Umekaribia. Lakini siyo hivyo. Sikusema msijibu. Nimesema ulizeni kwanza, kama kuna wa kuuliza."

Nilitaka kupiga kelele ajibu, muda ulikuwa unakwisha. Nyawira akageuka. Alipoanza tena alikuwa hamtazami Irungu. Alikuwa anatazama viti vya nyuma.

"Unasema mtu akiumia, anajua ameumia. Na kwa sababu anajua hiyo moja, anafikiri anajua pia ni nani, na ni kwa nini. Lakini hizo hajui. Na mtu peke yake anayeweza kumwambia ni yule yeye mwenyewe hataki kuongea naye."

"Ndivyo," Irungu akasema. "Hata mimi sikuisema vizuri hivyo."

Kengele ikalia. Muda wake ulikuwa umekwisha na hakuwa amejibu hata neno moja. Tulishindwa, tena vibaya. Mwamuzi mkuu alisema kwa upole kwamba msemaji wetu alitumia nafasi ya kujibu kwa kumsaidia mpinzani, na kwamba hajawahi kuona jambo kama hilo. Kikombe kikaenda Kangema.

Tukarudi na basi la shule. Ndiritu alikaa kando yangu. Tulipopita Kiganjo akanigeukia.

"Hiyo sheria yenu," akasema, "ya kusema maneno ya adui. Ni lazima?"

"Ni lazima."

"Hata kama ni mjinga?"

"Hasa kama ni mjinga."

"Na ukikataa?"

"Unakaa chini, hujibu."

Akageukia dirisha. Alishuka Chaka na dada yake bila kuniaga vizuri, na mimi nikabaki na wasiwasi wangu. Jumapili nilikaa kanisani na sikusikia mahubiri hata kidogo. Nilikuwa naona vitunguu vya Baba Kiama vikikauka, na Ndiritu akipandishwa gari la polisi katika lile koti.

Jumatatu nilimngoja Nyawira langoni, mimi mwalimu mzima, na kofia mkononi.

"Ameenda?" nikamuuliza hata kabla ya salamu.

"Ameenda, Mwalimu. Jana, tukitoka kanisa."

"Na ile dawa?"

"Amebeba."

Nikashika nguzo ya lango.

"Akaiweka juu ya kiguzo ya ua," Nyawira akaendelea, "Baba Kiama akiiona. Mimi nilikuwa nyuma yake. Halafu akamwambia, 'Wewe unasema mimi ni mzembe sikuosha pampu.' Baba Kiama akaangalia hiyo chupa, akamwangalia yeye, akasema siyo hivyo. Kaka akamuuliza imepinda wapi."

"Ehe?"

"Wakaendelea hivyo. Siyo hivyo, siyo hivyo. Mama Kiama akachoka kuwaangalia wakiwa wamesimama, akawaletea viti. Leo asubuhi nikitoka walikuwa wamerudi hapo tena."

"Wamefika wapi sasa?"

"Bado ni siyo hivyo, Mwalimu. Lakini wanakunywa chai ya thamosi moja."

Nilimkumbatia pale langoni, mbele ya watoto waliochelewa. "Ndivyo" ilipatikana kabla ya wiki kwisha. Kibarua wa Baba Kiama ndiye aliyetumia ile pampu kwa magugu bila kumwambia, na Baba Kiama alilijua hilo baadaye tu, kabichi zikiwa zimeshakufa. Yale maneno ya kwamba pampu ni ya kuoshwa aliyasema kwa sababu ya aibu. Msimu uliofuata miche ya kabichi ya Ndiritu ilitoka kwenye kitalu cha Baba Kiama.

Sasa sikilizeni jambo ambalo bado linaniwasha hata leo nikiwa nyumbani na muda mwingi wa kufikiri. Ile chupa ilikaa juu ya kiguzo siku zote hizo, kila mmoja akiiona, na hakuna aliyeigusa. Je, Baba Kiama angekubali kuketi kama isingekuwapo? Nyawira anasema angeketi, alichohitaji ni kuulizwa tu. Ndiritu anasema asingeketi hata kidogo. Swali hilo nilimpelekea Mwalimu Gachanja, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini kucheka bado anacheka, na yeye akaniuliza kifuniko changu ni kizima au kimetobolewa.

Mimi sijui. Basi hiyo ndiyo hoja yenu ya muhula ujao. Siku mtakapokuja kwangu tayari kuijadili, bila yeyote kati yenu kulijua jibu, nitafunga mlango wa jikoni na kuitungua kofia.